Maswali ya Nyumbani: Kigeuzi cha Video Kisichotambuliwa na Kompyuta



Miongoni mwa barua zilizotufikia imo moja iliyotoka Makanya, wilaya ya Same, katika nchi ile kavu ya mkonge na jasi iliyo chini ya milima ya Upare. Mwandishi wake ni kijana, na jina lake hatulitaji, kwani khabari aliyotuletea ni ya ndani ya nyumba yao.

Asema ya kuwa katika sanduku la mama yake zimo kanda tatu za video za namna ya VHS. Ya kwanza ni ya harusi ya wazazi wake, iliyofungwa mwaka 1996, na ndani yake babu yake mzaa baba asikika akisoma khutba ya ndoa. Mzee huyo amekwisha kufariki, wala sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Ya pili ni ya maulidi ya madrasa. Ya tatu ni ya harusi ile ile, upande wa wanawake. Nyumba yao ingali na deki inayofanya kazi, na kijana huyu amenunua kigeuzi cha kuziingiza picha za kanda katika kompyuta. Basi aandika hivi: taa ya kigeuzi yawaka, lakini kompyuta haioni kitu. Jirani amemshauri azipeleke kanda zote dukani mjini, wakazinakili huko. Mama yake amekataa kabisa kuitoa ile ya tatu, kwa kuwa wanawake waliomo walijipamba wakijua ya kuwa wako peke yao.

Atuuliza: kosa liko wapi, na je, yawezekana kazi hii ikafanyika nyumbani?

Nasi twamjibu: yawezekana, na aghalabu kosa la namna hii si kubwa. Lakini halipatikani kwa kuchomeka na kuchomoa ovyo. Lapatikana kwa kuuliza maswali kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Na kwa kuwa twajua nyumba nyingine nyingi zina masanduku kama hilo, jibu letu tumelitandaza ili liwafae wote.

KWA NINI KANDA HAIINGII TU

Kwanza yafaa tujue kigeuzi hufanya kazi gani. Kanda za VHS zilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1976 na kampuni ya JVC. Kwetu Tanzania Bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo katika nyumba nyingi deki ilitangulia, na televisheni ilinunuliwa kwa ajili ya deki.

Picha iliyomo katika kanda ni mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka mfululizo, kama sauti ya mtu isiyokatika. Kompyuta haifahamu mawimbi. Yafahamu hesabu tu. Kazi ya kigeuzi ni kuyapima mawimbi hayo mara mamilioni kwa kila sekunde, na kuandika kila kipimo kuwa namba. Katika mpango wa picha uliotumika kwetu, yaani PAL, kila sekunde ina picha 25, na kila picha huandikwa katika mistari 576 yenye nukta 720. Kwa hiyo kila sekunde moja ya harusi huzaa kiasi cha herufi za kompyuta milioni 20. Huo ndio mzigo unaopita katika waya ule mwembamba. Mtu akilijua hili hatashangaa kwa nini tundu la kompyuta au waya usiofaa waweza kuizuia kazi nzima.

SWALI LA KWANZA: JE, NI KIGEUZI CHA NAMNA GANI?

Kijana wetu hakutueleza umbo la kigeuzi chake. Nasi twaliweka swali hili mbele ya yote, kwa sababu huko madukani vyauzwa vifaa vya namna mbili vinavyofanana kwa jina, na kimoja hakiwezi kamwe kutambuliwa na kompyuta hata kikiwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani.

Namna ya kwanza ni kijisanduku kidogo cha plastiki. Upande mmoja kina matundu matatu, la manjano la picha, na jeupe na jekundu ya sauti. Upande wa pili kina tundu pana la HDMI. Pembeni kina tundu dogo la USB. Kijisanduku hiki kilitengenezwa ili deki ya zamani iweze kuonyesha picha katika televisheni mpya. Lile tundu dogo la USB ni la kukipatia umeme tu. Ukikiunga na kompyuta kwa njia hiyo, kitakula umeme na taa yake itawaka, lakini hakitapeleka picha hata moja. Kompyuta haikioni kwa sababu hapana kitu cha kuonwa; ni sawa na kuchaji tochi.

Wengine wakikwama hapo huchukua waya wa HDMI na kuuchomeka katika tundu la HDMI la kompyuta ya mapajani. Hapo nako hapatatokea kitu. Tundu hilo katika kompyuta karibu zote ni mlango wa kutokea. Kompyuta hupeleka picha yake nje kwenye televisheni, wala haipokei. Milango miwili ya kutokea ikitazamana, hakuna mgeni aingiaye.

Namna ya pili ni kifaa kama kidole, chenye ncha ya USB upande mmoja na mikia mitatu au minne upande wa pili. Hicho ndicho kilichotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Ndani yake mna chipu ya kupima mawimbi na kuyapeleka kwa njia ya USB yenyewe.

Basi, ewe kijana wa Makanya, kitazame kifaa chako kabla ya kusoma mbele. Ikiwa ni cha namna ya kwanza, usikitupe wala usiilaumu kompyuta. Nunua kifaa kingine kidogo cha kupokelea HDMI na kuiingiza katika USB. Deki itaungwa na kijisanduku, kijisanduku na kipokezi hicho, na kipokezi na kompyuta. Vipokezi vingi vya namna hiyo hufuata kanuni moja inayojulikana na kompyuta zote za siku hizi, hata kompyuta huvichukulia kama kamera ya kawaida, bila ya kuhitaji programu ya pekee. Upungufu wake ni kwamba kijisanduku hupenda kuitanua picha ijaze kioo kipana, na watu wakaonekana wanene kuliko walivyokuwa. Umbo la picha ya VHS ni nne kwa tatu. Urejeshe upana huo katika programu ya kurekodia.

Ikiwa chako ni cha namna ya pili, tuendelee.

SWALI LA PILI: JE, KOMPYUTA YAJUA YA KUWA KITU KIMECHOMEKWA?

Hapa watu wengi hupotea kwa kuanza na deki. Hubadili kanda, husafisha deki, hugeuza nyaya za rangi, ilhali kompyuta bado haijakitambua kigeuzi chenyewe. Kigeuzi kizima hutambuliwa hata kama hakikuungwa na deki yo yote. Kwa hiyo iondoe deki kabisa. Irudishe kanda sandukuni. Baki na kompyuta na kigeuzi peke yake.

Katika kompyuta inayotumia Windows, fungua orodha ya vifaa inayoitwa Device Manager. Iweke wazi mbele yako, kisha chomeka kigeuzi huku ukiitazama. Patatokea moja katika mambo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Jambo la kwanza: orodha haitikisiki hata kidogo. Hakuna mlio, hakuna jina jipya. Hapo usiangaike na programu, maana programu haina kosa. Tatizo ni la umeme, la waya, la tundu au la kifaa. Chomoa kigeuzi, jaribu tundu jingine la USB katika kompyuta hiyo hiyo. Usipitishe katika kigawanyio chenye vitu vingine. Kichomeke moja kwa moja. Ikiwa kompyuta ni ya mezani, tumia matundu ya nyuma, ambayo hushikamana na ubao wake mkuu, kwani ya mbele mara nyingi huungwa kwa nyaya dhaifu. Ikiwa kigeuzi kina waya wake wa kuchomoka, ubadilishe. Ziko nyaya nyingi zilizotengenezwa kwa kuchaji simu tu, ambazo ndani yake hamna nyuzi za kupitishia khabari. Kwa jicho hazitofautiani na nyingine. Ujaribu waya kwa kuunganisha simu na kompyuta: picha za simu zikionekana, waya ni mzima.

Ukikwisha hayo yote, kipeleke kigeuzi kwenye kompyuta ya rafiki. Kompyuta mbili au tatu zikikikana, kigeuzi kimekufa, na taa kuwaka hakukifanyi kuwa hai. Taa hutaka umeme tu, haitaki akili. Kirudishe dukani ulikokinunua.

Jambo la pili: jina latokea, lakini lina alama ya manjano yenye mshangao. Hapa yakupasa kusoma maneno yaliyoandikwa. Yakiwa ni Device Descriptor Request Failed, maana yake kompyuta imehisi kuna kitu lakini kitu hicho kimeshindwa kujieleza. Hilo si kosa la programu. Rudi kwenye tundu, waya na kifaa, kama tulivyosema katika jambo la kwanza. Yakiwa ni jina la ajabu lenye herufi na namba, basi kigeuzi ni kizima na kimejieleza vema. Kilichokosekana ni mkalimani, yaani programu ya kukiendesha, ambayo mafundi huiita draiva. Habari zake twazitoa hapa chini.

Jambo la tatu: jina latokea safi bila ya alama, lakini programu ya kurekodia haionyeshi picha. Hapo kompyuta imekwisha kuona. Aliyefumba macho ni programu. Nalo hilo tutalieleza.

JUU YA DRAIVA

Vigeuzi hivi vya bei nafuu huuzwa katika maganda yanayofanana kama ndugu, ilhali chipu zilizomo ni za viwanda mbalimbali. Draiva ya chipu moja haifai kwa nyingine. Ndiyo sababu mtu huambiwa na mwenziwe, "Mimi nilitumia hii ikakubali," naye akiitumia hiyo hiyo ikakataa, ingawa vifaa vyao havina tofauti kwa nje.

Kwa hiyo usitafute draiva kwa rangi ya ganda. Itafute kwa namba. Katika orodha ile ile ya vifaa, fungua jina lenye alama ya manjano, nenda kwenye Details, kisha Hardware Ids. Utaona herufi VID zikifuatwa na namba, na PID zikifuatwa na namba. VID humtaja mtengenezaji, PID huitaja chipu. Mathalan, 05E1 na 0408 ni chipu ya STK1160. Namba 1B71 na 3002 ni chipu ya Fushicai. Namba 1C88 na 0007 ni ya Somagic. Na VID ikiwa EB1A, ni ya Empia. Ukiijua namba hiyo umekwisha kulijua kabila la kifaa chako, na waweza kutafuta mkalimani anayesema lugha yake.

Kigeuzi kikiwa kilikuja na santuri ya CD, draiva iliyomo ndiyo ya kujaribu kwanza. Kompyuta nyingi za sasa hazina mahali pa kutia santuri. Mwombe mwenye kompyuta ya zamani akunakilie yaliyomo katika kijiti cha USB. Kisha tazama mambo mawili. Mosi, ikiwa Windows yako ni ya biti 64, draiva ya biti 32 haitakubaliwa. Pili, Windows za siku hizi zina ulinzi unaoitwa Memory integrity, ambao huzikataa draiva nyingine za zamani.

Hapa twatoa onyo. Ziko kurasa nyingi za intaneti zinazomwahidi mtu draiva ya kila kitu, nazo humtilia ndani ya kompyuta mambo asiyoyataka. Usizime ulinzi wote wa kompyuta kwa ajili ya faili usilolijua asili yake. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye masomo yako, na pengine hesabu za duka la baba. Kigeuzi kingine chaweza kununuliwa. Yaliyoibwa katika kompyuta hayanunuliki.

Iko njia nyingine ambayo vijana wachache waijua. Pakua mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu, uutie katika kijiti cha USB, kisha uiwashe kompyuta kwa kijiti hicho, ukichagua kuujaribu tu bila ya kuusimika. Windows yako haitaguswa. Ukizima na kukitoa kijiti, kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Linux huja na draiva za chipu za STK1160, za Fushicai na nyingi za Empia tayari ndani yake. Andika amri ya lsusb, nawe utaiona namba ya kifaa chako katika orodha. Mara nyingi kigeuzi kilichokataliwa na Windows kwa wiki nzima hukubaliwa na Linux kwa dakika moja. Na kisipoonekana huko nako, yaelekea ugonjwa ni wa kifaa.

Kwa wenye kompyuta za Apple, twawakumbusha ya kuwa tangu mfumo wa Catalina wa mwaka 2019, programu za biti 32 hazifanyi kazi tena, na kwa sababu hiyo vigeuzi vingi vya zamani vilinyamaza siku ile ile wenye navyo walipousasisha mfumo.

PROGRAMU ILIYOFUMBA MACHO

Kigeuzi kikiwa kimetambuliwa, lakini kioo cha programu ni cheusi, uliza haya kwa taratibu.

Je, programu imeruhusiwa? Windows huvihesabu vigeuzi vya video pamoja na kamera. Katika mipangilio ya faragha, kamera ikiwa imefungiwa, programu yako huenda isipate picha. Ifungulie. Na kipaza sauti nacho kikiwa kimefungiwa, picha itakuja bila ya sauti, na harusi itakuwa ya mabubu.

Je, programu nyingine imekishika kigeuzi? Aghalabu kifaa hiki hutumikia programu moja tu kwa wakati mmoja. Zifunge zote, ubakie na moja. Programu ya OBS Studio haina malipo, nayo yatosha kwa kazi hii.

Je, umechagua mlango sawa? Vigeuzi vingi vina njia mbili za picha: waya wa manjano, uitwao Composite, na tundu la duara lenye pini, liitwalo S-Video. Ukiwa umeunga wa manjano, chagua Composite.

Je, umechagua mpango sawa? Tanzania, Kenya, Uingereza na Oman zilitumia PAL. Marekani ilitumia NTSC, yenye mistari 525 badala ya 625. Programu ikiwa imewekwa kwenye NTSC, kanda ya Makanya itaonyesha picha isiyo na rangi, au inayopanda na kushuka. Kinyume chake, kanda iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani itahitaji NTSC, na deki inayoweza kuisoma.

Sasa ndipo deki irudi mezani. Waya wa manjano uwe katika tundu la kutolea picha, si la kuingizia; deki huwa na yote mawili, na kuyachanganya ni rahisi. Iwashe bila ya kutia kanda. Kioo cha buluu, au maandishi ya deki yenyewe, yakionekana ndani ya kompyuta, basi njia nzima imefunguka.

KABLA YA KUITIA KANDA YENYEWE

Hapo moyo hukimbilia kanda ya babu. Twasema: subiri. Tia kwanza kanda usiyoijali, uitazame kwa dakika kumi. Deki iliyokaa miaka mingi kabatini, katika vumbi la tambarare ya Makanya, huenda magurudumu yake ya mpira yamekauka, nayo yaweza kuitafuna kanda ya kwanza itakayotiwa. Afadhali itafune ile ya mchezo wa mpira.

Kisha itazame kanda yenyewe kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe juu ya ukingo wa utepe uliozungushwa, huo ni ukungu. Usiicheze, maana ukungu huo huchafua deki na kuhamia katika kanda nyingine. Hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi anayezijua kanda. Kanda iliyo safi izungushe mpaka mwisho, kisha uirudishe mwanzo, ndipo urekodi.

Andaa pia mahali pa kuhifadhi. Saa moja ya picha zisizobanwa ni takribani gigabaiti 75, na kompyuta nyingi za nyumbani hazina nafasi hiyo. Lakini picha zilizobanwa kwa kiasi cha megabiti 8 kwa sekunde hazizidi gigabaiti 4 kwa saa, nazo zafaa sana kwa VHS. Na ujue ya kuwa kazi hii haiharakishwi: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu. Kompyuta iwe na betri iliyojaa, kwani umeme ukikatika katikati yakupasa kuanza tena. Tena izuie isilale yenyewe.

Ukimaliza, tengeneza nakala mbili, katika vifaa viwili, uziweke katika nyumba mbili. Na kanda ya asili usiitupe.

JUU YA KANDA YA TATU

Mama wa kijana huyu ametoa hoja, nasi twaiunga mkono. Wanawake wale walipigwa picha ndani ya sitara yao, kwa kuaminiana. Sitara hiyo haikwisha kwa sababu miaka imepita, wala kwa sababu baadhi yao wamekwisha kufariki. Kanda ile ni amana. Dukani itachezwa mbele ya kila apitaye, na nakala yake hubaki katika kompyuta ya mwenye duka, hata kama mwenyewe ni mtu mwema asiyekusudia ubaya.

Hata hapo nyumbani, kurekodi si lazima kuwe kutazama. Kanda hiyo na irekodiwe na binti wa nyumba au na mama mwenyewe. Kazi yenyewe, baada ya kigeuzi kukubali, ni kubonyeza vitufe viwili: cha deki na cha programu. Kijana na awafundishe dada zake hatua hizo kwa kutumia kanda ya maulidi, kisha awaachie chumba. Faili lifungwe kwa neno la siri lijulikanalo na mama. Wala lisipelekwe katika makundi ya simu, kwa kuwa lililotumwa kwa mtu mmoja limetumwa kwa wote.

Na kwa wale ambao hawana budi kwenda kwa fundi, shauri letu ni hili: mtu wa nyumbani aende na kanda, akae mpaka iishe, arudi na kanda na nakala, na aone kwa macho yake faili likifutwa katika kompyuta ya fundi.

MUDA NI MFUPI

Wako watakaosema, "Kanda zimekaa miaka thelathini, zitakaa na mingine." Twawaambia ya kuwa si hivyo. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Kila deki inayokufa leo haina mrithi kiwandani. Tena, mwaka 2019 na 2020 shirika la UNESCO pamoja na chama cha dunia cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku, wakisema ya kuwa mwaka 2025 ulikadiriwa na wataalamu kuwa ndio mpaka wa kuziokoa kwa njia za kawaida. Mwaka huo umekwisha kufika. Si kwamba kanda zote zilikufa siku moja. Ila kila mwaka deki zapungua, vipuri vyakosekana, na mafundi waliozijua wazeeka.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Makanya, wa Hedaru, wa Same, na nyinyi mliopanda juu Suji na Chome, fungueni masanduku mwezi huu. Andikeni juu ya kila kanda ni ya nini, ya mwaka gani, na nani wamo, maadamu wangalipo wazee wanaozitambua sura hizo. Mwenye deki nzima na amwazime jirani yake. Deki moja yaweza kuihudumia mitaa miwili. Na vijana wanaojua kompyuta wajitoe kuwasaidia wazee, wakishika utaratibu tuliouandika: kwanza kukijua kifaa, kisha kukiuliza bila ya deki, kisha draiva kwa namba yake, kisha ruhusa ya programu, na kanda ya thamani iwe ya mwisho kuguswa.

Kijana wetu akifanikiwa, tungependa atuandikie ni hatua ipi iliyomfungulia, ili wasomaji wengine wafaidike. Na wenye maswali mengine ya vifaa vya nyumbani watuletee, wakitueleza umbo la kifaa, namba zake, na maneno yaliyotokea katika kioo.

Wassalaam.